Makombo ya Hamsta na Ufizi wa Mama Mkwe

Pitisha ulimi kwenye ufizi wako wa chini, pale nyuma ya meno ya mbele. Polepole. Usione haya, hakuna anayekutazama. Umegusa kitu kama mchanga, kitu kigumu kinachokwaruza ulimi? Kama umekigusa, keti vizuri, maneno haya ni yako. Kama hukukigusa, keti pia. Wewe bado kijana, na ukoga wa meno hauna haraka.

Naitwa Situma. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikula mshahara kwa kufungua midomo isiyotaka kufunguliwa. Si ya watu. Ilikuwa midomo ya kondoo, na ya vinyama vidogo vya kahawia vinavyoitwa hamsta. Mjukuu wangu mmoja anasomea udaktari wa meno. Juzi aliona picha yangu ya zamani, nimemkumbatia kondoo jike kwa nyuma, mdomo wake wazi kama anaimba kwaya. Akaniita babu kwa Kibukusu, akauliza, "Kuka, ati hapo ulikuwa unamfanya nini huyo kondoo?" Nikamwambia nilikuwa namtafutia yeye masomo, miaka mingi kabla hajazaliwa. Hakuelewa. Basi nimeamua kuandika, ili aelewe yeye na wenzake wanaovaa makoti meupe na kudhani kwamba mambo yaliyo vitabuni yaliota humo yenyewe.

Kazi ilikuwa Kitale, miaka ya hamsini, wakati masetla, walowezi wa Kizungu, bado ndio wenye mashamba. Nje kidogo ya mji, upande wa barabara iendayo mji wa Kwanza, palikuwa na kituo kidogo cha utafiti wa mifugo: nyumba tatu za mabati, zizi moja, na daktari mmoja Mzungu. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Bwana Fizi, na nadhani alijua.

Shida iliyomleta ilikuwa hii. Katika mashamba fulani kondoo walikuwa wakipoteza meno ya mbele wakiwa bado na nguvu za kuzaa. Kondoo asiye na meno ya mbele hawezi kukata nyasi. Anasimama katikati ya malisho mabichi na kukonda. Cha ajabu, shamba la jirani, ng'ambo tu ya mto, kondoo walizeeka na meno yao. Masetla walilaumu udongo, wakalaumu nyasi, na walipochoka wakawalaumu wachungaji. Bwana Fizi alisema wote hao hawana hatia. Wenye makosa ni vijidudu, bakteria, ambao hujificha chini ya ufizi, pale jino linapoingia kwenye nyama, na kuchimba kidogokidogo mpaka jino likose pa kujishikilia.

Lakini kondoo huchukua miaka mdomo wake kuharibika, na daktari hakuwa na miaka. Ndiyo maana aliagiza hamsta kutoka ng'ambo. Hamsta naye huugua ufizi, tena kwa wiki chache tu, ukimlisha chakula laini cha unga kinachoganda menoni. Kwa hiyo jambo unalotaka kulijua kwa kondoo, au hata kwa mtu, unamuuliza hamsta kwanza.

Hamsta ni jamaa ya panya, ila hana mkia wa kutajika, na ana mifuko miwili mashavuni. Ukimpa punje za mahindi hazili. Anazijaza mashavuni mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili, kisha anakutazama kama mtu aliyeshikwa na nyama ya harusi mfukoni.

Daktari alinipima kwa dakika moja. Alinipa hamsta mkononi, akasema, "Shika." Nikashika. Yule mnyama akaniuma hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, akang'ang'ania. Nilitamani kumrusha ukutani. Lakini mke wangu, Nanjala, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza mwezi uleule, na kibarua changu cha kuogesha kondoo kwenye josho la setla kilikuwa kimekwisha. Nikasimama kimya, machozi yakinitoka, hamsta akining'inia kama hereni.

"Mzuri," daktari akasema kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Wewe hapana tupa. Kesho kuja."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ndiema, mtu wa miteremko ya Mlima Elgon, mrefu, mkimya, mlokole wa kutisha. Alikuwa akiimba tenzi kwa sauti ya chini kila alipomshika mnyama. Aliniambia hamsta wakisikia tenzi hawaumi. Nikajaribu. Nikaumwa.

"Ni kwa sababu wewe unaimba tu," akasema. "Huamini."

Kwa hakika siri yake haikuwa tenzi. Ilikuwa mikono. Alikuwa anaipasha joto kwapani kwanza, kisha anamfunika mnyama kwa kiganja kizima, gumba moja chini ya taya, ili asipate pa kugeuzia kichwa. Kondoo naye humkamati kwa miguu. Unamkalisha kwa matako, mgongo wake kwenye magoti yako, kama mtoto anayenyolewa, na papo hapo anatulia. Hapo unaweza kupitisha kile kijiti chembamba cha chuma, chenye ncha butu, kati ya jino na ufizi, uone kinazama kiasi gani. Kikizama kidogo, mzima. Kikizama mpaka ukaona aibu, mgonjwa. Lakini Mzee Ndiema alikuwa anajua kabla ya chuma. "Kwanza pua," alikuwa akiniambia. "Halafu macho. Kidole baadaye." Ufizi unaooza una harufu yake, na ukishaijua huwezi kuisahau, hata kanisani mtu akikuinamia kukusalimia.

Siku moja alikuja mkubwa mmoja kutoka Nairobi, mtu wa soksi ndefu na daftari jipya, kutazama kama kazi yetu inafaa kuendelea. Mzee Ndiema akamkalisha kondoo, akamfungua mdomo. Mkubwa akachungulia, akarudi nyuma.

"Meno ya juu, ya mbele! Yote naisha!"

Akaandika upesi. Sasa nyinyi mliokulia mjini, nawaambia: kondoo hana meno ya mbele ya juu. Hajawahi kuwa nayo. Ng'ombe hivyohivyo, mbuzi hivyohivyo. Pale juu Mungu alimwekea ufizi mgumu peke yake. Nikafungua mdomo niseme, Mzee Ndiema akanikanyaga mguu.

"Hii meno natoka lini?" mkubwa akauliza.

"Zamani sana, bwana," Mzee Ndiema akajibu kwa huzuni. "Kabla mimi sijaandikwa kazi."

Baada ya muda si mrefu tukaletewa vizimba vipya vya waya, chumba cha pili cha hamsta, na hadubini ya kuvionea vile vijidudu. Nilimuuliza Mzee Ndiema kama mlokole anaruhusiwa kusema uongo. Akafikiri kwa makini, kisha akaniuliza, "Neno gani hapo halikuwa kweli?" Mpaka leo sijalipata.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana vijana hupenda sana kusikia wazee walikosea.

Vile vyumba viwili vilikuwa na maana yake. Katika chumba cha kwanza tulikuwa na hamsta wagonjwa. Daktari alikuwa amechukua ukoga kutoka midomo mibovu na kuwapaka kwenye fizi kwa kipande cha pamba. Chumba cha pili walikuwa wazima, ambao hakuna aliyewapaka chochote, vizimba vyao vimepangwa safu mbili, dirishani na ukutani. Unga uleule, maji yaleyale. Kama wagonjwa wataugua na wazima watabaki wazima, basi daktari ameshinda: si chakula peke yake, ni vijidudu vinavyotoka mdomo mmoja hadi mwingine. Sheria zilikuwa mbili. Unawalisha wazima kwanza, wagonjwa baadaye. Na hakuna kitu kinachotoka chumba cha wagonjwa isipokuwa kwenda motoni.

Tatizo lilikuwa ile sheria ya pili. Hamsta anayeumwa na ufizi hamalizi chakula. Kila asubuhi nilikuta mabakuli yao yana unga uliobaki, unga wa mahindi mazuri ya Kitale, umechanganywa na maziwa ya unga. Nami nilitakiwa niuchome. Mimi niliyezaliwa Bungoma, katika nyumba ambayo mama aliukumbuka mwaka wa nzige kila aliposhika mwiko! Kwetu hata ukoko wa ugali ulikuwa na wenyewe. Siku ya kwanza nilichoma. Siku ya pili nilichoma huku nimegeuza uso. Siku ya tatu nikasema, bana, wale wenzao upande wa pili si wana njaa? Nikaubeba ule unga, nikawamwagia wazima. Wakajaza mashavu. Nani atasema? Hamsta hana mdomo wa kushitaki, ana mashavu tu.

Nikafanya hivyo kila siku, wiki baada ya wiki, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Niliona naitendea dunia wema.

Siku ya kuwapima ilipofika, daktari alianza na wagonjwa. Fizi nyekundu, damu, mashimo: sawasawa na alivyotarajia. Akaja chumba cha wazima akipiga mluzi. Kizimba cha kwanza cha dirishani, damu. Cha pili, damu. Mluzi ukakatika. Hamsta wote wa dirishani walikuwa wameharibika fizi, na wa ukutani wote walikuwa safi kama siku walipoletwa. Akawarudia mara tatu. Mimi nilisimama nimeshika taulo, nikiukumbuka ule unga.

Daktari hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia Mzee Ndiema, maana usafi wa vyumba ulikuwa chini yake. Alisema upande wa dirishani haukusafishwa, ama wagonjwa na wazima walichanganywa kwa uzembe. Alisema kazi ya miezi imeharibika.

"Ndiema, wewe iko mzee sasa. Mwisho ya mwezi, nenda nyumbani."

Mzee Ndiema hakujitetea. Alivua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja kama mtu anayempapasa mnyama. Kule kukunja ndiko kulikonimaliza. Angepiga kelele labda ningenyamaza.

"Bwana," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Makombo. Chakula ya wagonjwa. Mimi nilipatia wazima."

"Lini?"

"Kila siku, bwana."

Sijawahi kusikia Mzungu akipiga kelele vile. Aliniita majina kwa Kiingereza, akahamia Kiswahili kilipomwishia Kiingereza, akarudi tena. Na katikati ya neno moja refu, meno yake yote ya juu yakatoka mdomoni, yakaruka, yakaanguka ndani ya kizimba kilichokuwa wazi. Hamsta mmoja akaja kuyanusa.

Tulikuwa tumefanya naye kazi muda wote huo bila kujua kuwa meno yake ni ya bandia. Yeye mwenyewe alisimama amefunika mdomo kwa mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilitaka kucheka mpaka mbavu ziliniuma. Mzee Ndiema hakucheka. Aliingiza mkono kizimbani taratibu, akayatoa yale meno, akayaosha bombani, akayaweka kwenye kisahani, akamletea daktari kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni chai.

Daktari akageuka, akayarudisha mahali pake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi nilikuwa kijana. Kama hii Situma. Ufizi naoza, meno naanguka, moja, moja. Daktari yangu nasema, ni damu yako mbaya. Hapana ya kufanya. Mimi nataka jua. Hii tu. Nataka jua."

Kisha nikamwona akikunja uso, kama mtu anayesikia hatua mbali.

"Situma. Hii makombo. Wewe napa vizimba yote?"

"Hapana, bwana. Ilikuwa kidogo, haikutosha. Nilipatia wa dirishani peke yake. Hawa wa ukutani hawakupata."

Halafu akakimbia, namaanisha mbio kweli, kwenda kulichukua daftari. Nanyi wenye akili mmeshaona. Kwa uroho wangu wa kuokoa unga nilikuwa nimefanya jaribio ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Hakuna aliyewapaka wale wa dirishani. Walikula tu walichobakiza wagonjwa, wakaugua. Wenzao, chumba kilekile, hewa ileile, unga uleule lakini safi, walibaki wazima. Vijidudu havikuhitaji pamba ya daktari ili kusafiri. Bakuli lilitosha.

"Wewe iko mjinga," akaniambia alipotulia. "Lakini mjinga ya maana."

Hakuliandika hivyohivyo likaisha, msije mkadhani. Kosa si ushahidi. Tulianza upya, hamsta wapya, nusu wapewe makombo kwa makusudi na nusu wasipewe, na kila siku niandike kwa mkono wangu nililofanya, hata nikikosea. Hasa nikikosea. Mimi ni mtu wa Bungoma, l na r kwangu ni mapacha, basi nikaandika, "Leo wote wamekura vizuri na wamerara." Daktari alihangaika siku mbili na kamusi akitafuta hamsta walipiga kura gani. Mwishoni majibu yakaja yaleyale: wa makombo waliugua, wengine hawakuugua. Mzee Ndiema alibaki kazini mpaka alipochoka mwenyewe. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Siku ya tatu tu baada ya kosa langu kujulikana, tukiosha mabakuli, alisema bila kunitazama, "Huo unga wote. Si ungenipatia mimi."

Nilipopata likizo baada ya hapo, nilipanda lori la mahindi mpaka Kamukuywa, na kutoka hapo nikaendesha baiskeli hadi Sirisia, nyumbani kwa wakwe zangu, ambako Nanjala alikuwa ametangulia na mtoto. Nilidhani naenda kula kuku. Nikakuta boma limenuna.

Nanjala alinieleza kando. Mama yake alikuwa akitoka damu ufizi kwa muda mrefu. Meno mawili yalikuwa yameanguka, mengine yanacheza. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba aliyemfanyia hivyo ni mke mwenza wake, mama mdogo Nekesa, ati alimtilia kitu kwenye uji. Baba mkwe alikuwa amewaita wazee wawili wa ukoo mchana uleule. Nekesa angerudishwa kwao, na watoto wake wangebaki.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Mama haongei. Mdomo unamuuma."

Sasa hapa mnisikilize. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hamshikani mikono, hamzungumzi ana kwa ana, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye mahindi. Nekesa naye, kwa kuwa ni mke wa baba mkwe, ni mama mkwe vilevile. Mimi niliyekwisha chungulia midomo ya mamia ya kondoo sikuruhusiwa kuuona ule mmoja uliokuwa na shida mbele yangu. Nikamtuma Nanjala. Akarudi na maelezo: ufizi mwekundu unaong'aa, na kwenye mizizi ya meno kitu kigumu, cha kahawia, kama udongo wa kichuguu.

"Na harufu?"

Nanjala akanitazama vibaya. "Ni mama yangu, Situma."

"Najua. Harufu iko?"

"Iko."

Nilijua ugonjwa. Lakini nilijua pia jambo jingine lililonifanya nikae kwenye gogo nisiinuke upesi. Nilikuwa nimethibitisha mwenyewe, kwa daftari, kwamba vijidudu hivyo hutoka mdomo hadi mdomo kwa njia ya bakuli. Nikilisema hilo mbele ya wazee, watasema, umeona? Uji! Nimewaletea mkuki tayari. Na nikilificha, nitakuwa nimerudia yale ya makombo: kufanya kwa siri na kujiona mwema.

Wazee walipoketi, Nekesa alikuwa nje ya jiko lake, kitita chake cha nguo kimefungwa. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Nikamwomba baba mkwe ruhusa. Alikuwa mzee mwenye sauti nzito, aliyependa kusema Kiswahili mbele ya watu.

"Sema, mkwe wangu. Lakini wewe unajua kondoo. Mke wangu si kondoo, bana."

"Ndiyo, baba. Ndiyo sababu nataka kuongea na kondoo."

Nilikuwa nimeshamchagua zizini, jike mzee mwenye meno mabovu. Nikamkalisha kwa matako mbele ya wazee, nikaupa mlango wa mama mkwe mgongo, nikamfungua mdomo.

"Wewe kondoo," nikasema kwa sauti ya kufika ndani. "Ni nani amekuroga?"

Wazee wakatazamana.

"Nakuuliza wewe. Una mke mwenza? Mmegombania mume? Ni nani alikutilia kitu kwenye uji?" Nikabonyeza ufizi wake, damu na usaha vikatoka, mzee mmoja akasogeza kiti nyuma. "Kule Kitale nimewaona wenzako mamia wakiwa na ufizi huu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mke mwenza."

Mtu akacheka nyuma ya jiko. Nikaendelea kumfundisha yule kondoo. Nikamwonyesha ukoga uliogeuka jiwe. Nikamwambia ukwanguliwe taratibu, kisha kila asubuhi na jioni asugue kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kiwe kama brashi, pale pale ufizi unapokutana na jino, na asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya mlango, sauti ambayo tangu nioe sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

"Wewe kuku! Muulize huyo kondoo: damu ikitoka, ataacha kusugua?"

Hapakuwa na kuku karibu.

"Kondoo," nikasema, "usiache. Damu inatoka kwa sababu pachafu. Pakiwa safi itakoma. Usiogope."

"Kuku, muulize, hayo meno yanayocheza yatashika tena?"

"Kondoo, sitakudanganya. Lililolegea sana litaanguka. Tunaokoa yaliyobaki."

Hapo ndipo Nekesa aliinuka. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya wazee, nami nikainamisha macho kwenye manyoya ya kondoo upesi. Nilimsikia akifyonza meno yake kwa nguvu, akatema chini. Mate yalikuwa mekundu.

"Tazameni," akasema. "Mwaka wa pili huu. Nilinyamaza kwa sababu yenu. Kama mimi ndiye mchawi, mbona nimejiroga na mimi?"

Mzee aliyesogeza kiti akakohoa. "Basi labda yeye ndiye alimwambukiza mwenzake. Ama vipi, kijana?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia. Nikamwachilia kondoo, akaondoka akijitikisa.

"Mzee, ni kweli vijidudu hupita kutoka mdomo hadi mdomo. Kwa kikombe, kwa kijiko. Nimeona mwenyewe, na sitawaficha. Lakini tunapeana tangu utotoni, na hakuna anayejua alipewa na nani. Vimo mdomoni mwangu. Vimo mwako. Vinaharibu pale vinapoachwa vikae. Ukitaka kumfukuza kila mwenye navyo, boma hili litabaki na yule kuku wa mama peke yake."

Ndani ya nyumba mtu alicheka, kisha akaguna kwa maumivu, kisha akacheka tena. Baba mkwe alijikuna kidevu. Alimtazama Nekesa, akatazama mate yaliyokuwa chini, akatazama mlango. Mwishowe akasema, "Fungua hicho kitita chako. Nani atapika jioni?" Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kuomba msamaha, na Nekesa alimwacha asubiri chakula mpaka alipotaka.

Siku zilizofuata nilimfundisha Nanjala kukwangua ukoga kwa kijichuma butu. Alijizoeza kwa yule kondoo mzee mpaka mkono ukawa mwepesi, ndipo akaingia kwa mama yake, kisha kwa Nekesa. Mimi nilikaa nje na kuuliza maswali kupitia ukuta. Mama mkwe alipoteza jino moja zaidi, lile nililosema. Mengine yalishika, na damu ilikoma. Asubuhi ungewaona wanawake wawili, kila mmoja mbele ya jiko lake, wakisugua huku wanapimana kwa jicho nani ataacha kwanza.

Siku ya kuondoka, nilikuwa nafunga mzigo kwenye baiskeli nyuma ya ghala la mahindi. Baba mkwe akaja pale akitazama huku na huku. Akanishika bega, akaniinamia, akafungua mdomo mpana kama josho. Kabla macho hayajaona, pua ilikuwa imeshajua.

"Na mimi nitazame kidogo," akanong'ona. "Lakini tafadhali, mkwe wangu, usimwambie kondoo."